Kusoma vitabu vya emblema: ushauri kwa anayeanza

Swali linalowapotosha wengi mapema ni hili: "Picha hii ina maana gani?" Kwa vitabu vya emblema, yaani vya picha zinazoambatana na kaulimbiu na shairi, vilivyochapwa Ulaya kuanzia mwaka 1531 hadi mwisho wa karne ya 17, swali hilo halikufikishi mbali, kwa sababu picha peke yake haina maana iliyofungwa. Simba ni hasira kwenye ukurasa mmoja, na kurasa chache mbele ni nguvu iliyofugwa ikavuta gari. Swali la kujiuliza ni jingine: kaulimbiu, picha na shairi vinafanyiana kazi gani katika toleo hili nililo nalo mkononi? Hayo maneno "toleo hili" yashike sana. Makosa mengi ya wanaoanza hutokea pale mtu anapochukua picha ya toleo moja, shairi la toleo la pili na maelezo ya toleo la tatu, kisha akaviandikia kana kwamba mtu mmoja aliviwaza siku moja.

Emblema ya kawaida ina sehemu tatu. Juu ni kaulimbiu, mara nyingi maneno mawili hadi matano ya Kilatini. Katikati ni picha. Chini ni shairi, mistari miwili hadi kumi au zaidi, linaloeleza picha na kuielekeza kwenye fundisho. Katika maandishi ya wataalamu utakuta majina inscriptio, pictura na subscriptio. Yatumie, ila ujue yalienezwa na wasomi wa karne ya 20, na kwamba zipo emblema nyingi zisizotii muundo huo: nyingine hazina picha, nyingine zina maelezo marefu ya nathari baada ya shairi, nyingine zina mashairi ya lugha tatu au nne kwa picha moja. Anayeijua kanga ana mahali pazuri pa kuanzia, maana amezoea kuona mji, pindo na jina vikienda pamoja. Mlinganisho unaishia hapo: jina la kanga kwa kawaida halielezi mchoro wake, ilhali shairi la emblema limewekwa ili kuufungua mchoro.

Mwanzo wa yote ni Andrea Alciato, mwanasheria wa Milano aliyezaliwa 1492 na kufariki 1550, mwalimu wa sheria aliyefundisha Avignon, Bourges, Pavia na kwingineko. Desemba 1522 alimwandikia rafiki yake Francesco Calvo kwamba ametunga kijitabu cha mashairi mafupi alichokiita Emblemata. Kila shairi, alisema, linaeleza kitu fulani kwa namna ambayo wachoraji na mafundi wa dhahabu wangeweza kukitengeneza kiwe beji ya kubandika kofiani au alama ya duka la vitabu, mfano wa nanga ya mpiga chapa Aldus au njiwa wa mpiga chapa Froben. Barua hiyo isome kwa makini. Inaonyesha kwamba kwa Alciato emblema ilikuwa kwanza shairi, na picha ilikuwa jambo ambalo shairi lingeweza kulizaa baadaye. Ukiandika kwamba Alciato "alibuni aina ya kitabu chenye picha", umempa kazi ya mpiga chapa.

Mpiga chapa huyo alikuwa Heinrich Steyner wa Augsburg, aliyetoa kitabu tarehe 28 Februari 1531 kikiwa na emblema 104, baadhi bila picha. Michoro huhusishwa na Jörg Breu Mkubwa. Fungua nakala ya toleo hilo utazame mpangilio kabla ya kusoma chochote: picha zimefuatana na mashairi bila kujali mwisho wa ukurasa, hata kaulimbiu na picha zikabaki chini ya ukurasa huu na shairi likaangukia ukurasa unaofuata. Mwaka 1534 Christian Wechel wa Paris alitoa toleo lililoidhinishwa na Alciato mwenyewe, lenye emblema 113, picha zilizochongwa upya, na kila emblema ikapewa ukurasa wake. Huu mpangilio wa ukurasa mmoja ndio uliowafanya wasomaji waione emblema kama kitu kimoja. Mwaka 1536 Wechel alitoa tafsiri ya Kifaransa ya Jean Lefevre, na 1542 ya Kijerumani ya Wolfgang Hunger. Warithi wa Aldus mjini Venezia wakachapa kundi jingine la emblema 86 mwaka 1546. Kisha huko Lyon, kuanzia 1548, Guillaume Rouille na Macé Bonhomme waliunganisha makundi hayo na kuyapanga kwa mada: Mungu, maadili, maovu, mapenzi, bahati, mtawala, kifo, urafiki, na mwishoni miti.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika zaidi kuliko wanaoanza wanavyodhani. Kabla ya Lyon, msomaji alikutana na emblema moja bila kichwa cha mada cha kumwelekeza. Baada ya Lyon, kabla hajaiona picha ameshaambiwa kwamba hili ni ovu au hili ni fadhila. Kazi inayohusisha emblema mbili zinazofuatana lazima ijue zilifuatana katika mpangilio upi.

Matoleo ya baadaye yaliongezewa maelezo ya kitaalamu. Ya Claude Mignault, yaliyoanza kutoka miaka ya 1570, yalichapwa tena na tena, na toleo kubwa la Padua la 1621 lina emblema 212 zikiwa zimezungukwa na ufafanuzi wa kurasa nyingi. Ni hazina, ila ina mtego wake. Mignault aliandika miongo kadhaa baada ya shairi kutungwa. Akikuambia kwamba chanzo ni kifungu fulani cha Plinio, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, amekupa mahali pa kutafuta, na kazi ya kuthibitisha imebaki kwako.

Sasa tuichukue emblema moja tuitazame kwa karibu. Iliyo bora kwa mazoezi ni In adulatores, yaani "Dhidi ya wajipendekezao", ambayo katika hesabu ya 1621 ni ya 53. Picha ni ya kinyonga. Msomaji mwenye Kiswahili kichwani ataona kigeugeu palepale, au ataona mwendo wa polepole, na atataka kuendelea mbele. Zuia mkono. Andika kwanza kaulimbiu herufi kwa herufi. Kisha eleza picha kwa sentensi nne au tano bila kutaja maana yoyote: kuna mnyama gani, amekaa juu ya nini, kinywa kikoje, nyuma yake kuna nini. Wachongaji wengi wa Ulaya hawakuwahi kumwona kinyonga, kwa hiyo usishangae kukuta mnyama asiyefanana na yule wa kwenye mchongoma. Eleza aliyechorwa, usieleze unayemjua wewe.

Ndipo usome shairi. Lina mistari minane, minne ya mnyama na minne ya mtu. Kinyonga, linasema, huwa kinywa wazi daima, akivuta na kutoa hewa nyembamba ambayo ndiyo chakula chake. Hubadili sura na kushika rangi mbalimbali, isipokuwa nyekundu na nyeupe. Halafu linakuja neno sic, "vivyo hivyo", na mzani unageuka: mjipendekezaji naye hulishwa na upepo wa umma, humeza kila kitu kwa kinywa kilicho wazi, na humwiga mtawala katika tabia zake nyeusi tu, bila kuijua iliyo nyeupe na yenye haya.

Yapo mambo matatu hapa ambayo anayekimbilia "kigeugeu" hayaoni. La kwanza ni hewa. Aura popularis, upepo wa umma, ni usemi wa zamani wa Kilatini kwa kupendwa na watu, kwa hiyo mnyama anayekula hewa na mtu anayekula sifa wamefungwa pamoja na neno moja. La pili ni rangi mbili zilizokosekana. Nyeupe inarudi kama unyofu, na nyekundu inarudi kama haya, ile damu inayopanda usoni mtu anapoona aibu. Shairi halisemi tu kwamba mtu huyu hubadilika. Linasema kuna pande mbili za tabia njema ambazo hawezi kabisa kuziiga. Huyo ndiye ambaye mitaani Tanzania leo huitwa chawa, na hukumu ya Alciato kwake ni nzito kuliko inavyoonekana ukitazama mchoro peke yake. La tatu ni kwamba picha imechapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi. Inaweza kuonyesha kinywa wazi, haiwezi kuonyesha rangi. Nusu ya hoja haimo kwenye picha wala haingeweza kuwemo, na ndiyo sababu shairi halikuwa pambo.

Baada ya hapo tafuta chanzo. Habari za kinyonga anayeishi kwa hewa na kushika rangi zote isipokuwa nyekundu na nyeupe zimo katika kitabu cha 8 cha historia ya maumbile ya Plinio. Usipoteze aya kumsahihisha kwa kusema kinyonga hula wadudu. Msomaji wa 1534 alisoma akiwa na Plinio kichwani, na wewe soma hivyo.

Vyanzo vya Alciato havina mwisho, lakini vichache vinabeba mzigo mkubwa. Cha kwanza ni mkusanyo wa mashairi mafupi ya Kigiriki uliochapwa Firenze mwaka 1494. Emblema nyingi ni tafsiri au mageuzi ya mashairi hayo, kwa mfano ile ya Fursa, mwenye nywele mbele ya kichwa na kipara nyuma, au ile ya kipofu anayembeba kiwete, huyu akikopesha macho na yule miguu. Cha pili ni mkusanyo wa methali wa mwanazuoni Erasmus, uliopanuka sana katika toleo la Venezia la 1508. Cha tatu ni kitabu cha Horapollo kuhusu maandishi ya picha ya Misri, ambacho mswada wake ulipatikana kisiwa cha Andros mwaka 1419 na Aldus akauchapa 1505. Wasomi wa wakati huo waliamini kwamba maandishi ya Wamisri yalikuwa hekima iliyofichwa ndani ya picha. Hawakuwa sahihi, lakini imani hiyo ndiyo iliyowapa hamu ya kutunga picha zinazosema. Ongeza Plinio na hekaya za Esopo, na utakuwa umefikia sehemu kubwa ya unayohitaji kwa mwaka wa kwanza.

Ipo emblema moja ambayo msomaji wa Afrika hatakwepa kukutana nayo, na ni vema aifikie akiwa amejiandaa. Kaulimbiu ni Impossibile, "Lisilowezekana". Picha inaonyesha mtu mweusi akioshwa na watu wanaotaka awe mweupe. Shairi ni mistari miwili: mbona unamwosha Mwethiopia bure? Acha, hakuna awezaye kulitia nuru giza la usiku mweusi. Neno Aethiops kwa Wagiriki na Warumi lilimaanisha Mwafrika mweusi kwa jumla, kwa hiyo usilitafsiri kana kwamba ni raia wa Ethiopia ya leo. Biblia ya Kiswahili inatumia "Mkushi" katika Yeremia 13:23, na kwa muktadha huu ni neno zuri.

Fuata mnyororo wake. Shairi la Kigiriki ambalo Alciato aliligeuza limeandikwa kwa jina la Lukiano, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, na mwili unaooshwa humo ni wa Mhindi. Kwa upande mwingine, Esopo na methali iliyomo kwa Erasmus, Aethiopem lavas, zinamtaja Mwafrika. Alciato alichukua umbo la shairi na kuingiza mtu wa methali. Mwaka 1586 Mwingereza Geffrey Whitney aliitia kwenye kitabu chake na kuihubiri kama fundisho kwamba maumbile hayashindwi. Katika karne ya 19 matangazo ya sabuni ya Uingereza yakalirudia wazo hilohilo la kumwosha mtu mweusi, mara hii sabuni ikijisifu kwamba inaweza.

Wanaoanza hukosea hapa kwa njia mbili. Wengine husema emblema hii inahusu kazi isiyowezekana tu, na rangi ni mfano wa kupita. Wengine humfanya Alciato aseme yote yaliyokuja kusemwa miaka 300 baadaye. Kilicho sahihi ni kutenganisha tabaka: kaulimbiu inasema juu ya kazi bure, shairi linaufananisha weusi na giza la usiku, na picha inamweka mtu halisi mwenye mwili kwenye beseni, mbele ya wasomaji wa karne ambayo biashara ya watumwa kuvuka Atlantiki ilikuwa ikikua. Tabaka la tatu halifutwi na la kwanza. Sema hivyo waziwazi, kwa tarehe na kwa matoleo, na kazi yako itakuwa na nguvu kuliko lawama ya jumla au utetezi wa jumla.

Upande wa uchapaji unadharauliwa sana na watu wa fasihi, na hapo ndipo wanapoanguka. Picha za mwanzo ni za mbao. Fundi alichonga kibao akaacha mistari imesimama juu, na kibao kikafungwa pamoja na herufi za risasi kwenye fremu moja, kikapigwa chapa mara moja. Picha za shaba ni kinyume chake: mistari imechimbwa ndani ya bamba, wino unakaa ndani ya mifereji, na karatasi yenye unyevu inabanwa kwa mtambo wa magurudumu hadi iuvute wino huo. Kwa hiyo ukurasa wenye herufi na picha ya shaba ulipita kwenye mitambo miwili tofauti. Ndiyo maana utakuta picha iliyokaa upande, iliyogusa herufi, iliyowekwa penye shairi lisilo lake, au nafasi iliyoachwa tupu kabisa. Kutofautisha ni rahisi ukiwa na kitabu chenyewe: shaba huacha alama ya ukingo wa bamba, kama mraba uliobonyea kwenye karatasi. Kwenye picha ya kompyuta alama hiyo mara nyingi haionekani, basi tazama mistari: ya shaba huchongoka kwenye ncha, ya mbao huwa na unene unaokatika ghafla.

Vibao vya mbao vilidumu miaka mingi na vilihama kitabu hadi kitabu. Wadudu watoboao mbao na mipasuko viliacha alama, tundu jeupe hapa, mstari wa fremu uliokatika pale, na alama hizo haziponi. Ukilinganisha chapa mbili za kibao kimoja, yenye mpasuko mkubwa zaidi ndiyo ya baadaye. Kipimo hiki kidogo kimesahihisha tarehe nyingi.

Kitabu cha Whitney, kilichotoka Leiden katika nyumba ya uchapaji ya Plantin, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Kati ya emblema zake 248, nyingi zimetumia vibao ambavyo tayari vilikuwa ghalani, vilivyochongwa kwa ajili ya matoleo ya Alciato, Sambucus, Junius na watunzi wengine wa emblema. Whitney aliandika mashairi ya Kiingereza kufuata picha zilizokuwepo. Kuuliza kwa nini "alichagua" kumwekea mtu fulani kofia ya aina fulani ni kuuliza swali lisilo na mwenyewe. George Wither alikwenda mbali zaidi mwaka 1635. Alipewa mabamba 200 ya mchongaji Crispijn de Passe yaliyotengenezwa kwa kitabu cha Gabriel Rollenhagen cha 1611 hadi 1613, na katika utangulizi alikiri kwamba hakujishughulisha kutafuta maana ya awali, bali alizielekeza picha penye faida aliyoiona. Mwishoni mwa kitabu aliweka bahati nasibu yenye mishale ya kuzungushwa, ili msomaji apate emblema yake kwa kura. Kitabu cha maadili kilichezwa mezani, na hakuna aliyeona ajabu.

Jifunze pia kutofautisha emblema na impresa. Impresa ni nembo ya mtu binafsi, shujaa au mpenzi, yenye picha na maneno machache tu, bila shairi. Paolo Giovio, ambaye kitabu chake kuhusu impresa kilitoka Roma 1555 baada ya kifo chake, aliweka masharti matano: uwiano kati ya roho, yaani maneno, na mwili, yaani picha; isiwe ngumu hadi ihitaji mtabiri wala nyepesi hadi kila mpita njia aielewe; ipendeze machoni; isiwe na umbo la binadamu; na maneno yawe mafupi, katika lugha isiyo ya mwenye nembo. Watunzi hawakuyatii yote, lakini ukiyajua utaona mara moja nani anayavunja kwa makusudi. Ilikuwa kazi ya malipo. Mwaka 1613 daftari la Earl wa Rutland liliandika shilingi 44 kwa Shakespeare kwa ajili ya impresa, na 44 nyingine kwa mwigizaji Richard Burbage kwa kuichora na kuitengeneza. Emblema hufundisha yeyote. Impresa inamtangaza mmoja. Ukizichanganya utatafuta fundisho kwa wote mahali ambapo bwana mmoja alikuwa akijisifu kwenye mashindano ya farasi.

Baada ya 1560 vitabu hivi vilitawanyika kwenye mada nyingi. Georgette de Montenay alitoa cha kwanza cha Kikristo, Lyon 1567, emblema 100 zenye picha za shaba za Pierre Woeiriot. Waholanzi walipenda mapenzi: cha Otto van Veen cha 1608, Antwerp, kimejaa vitoto vya Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, na 1615 mwandishi huyohuyo akavigeuza vitoto hivyo kuwa upendo wa Mungu na roho. Jacob Cats, 1618, aliitumia kila picha mara tatu, kwa mapenzi, kwa maisha ya jamii na kwa dini. Herman Hugo, padre wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, 1624, aliandika sala 45 zenye picha ambazo Francis Quarles, Mprotestanti wa Uingereza, alizitumia kwa sehemu kubwa ya kitabu chake cha 1635. Michael Maier aliweka muziki wa sauti tatu kwenye emblema 50 za alkemia mwaka 1617. Chagua tawi moja. Anayejaribu kuandika juu ya yote huishia na orodha ya majina.

Wala usiziache emblema ndani ya vitabu. Wanafunzi wa Ujerumani walifungiwa kurasa nyeupe katikati ya nakala za Alciato ili marafiki na walimu waandike humo maneno na sahihi zao. Lady Drury wa Suffolk, mwanzoni mwa karne ya 17, alikuwa na chumba kidogo chenye mbao zilizochorwa emblema ukutani, na mbao hizo sasa zipo Christchurch Mansion mjini Ipswich. Shule za Wajesuiti ziliwapa wanafunzi kazi ya kutunga emblema na kuzibandika hadharani sikukuu zilipofika. Ukikuta emblema ukutani, tafuta kwanza kitabu kilichonakiliwa, kisha uhesabu tofauti, kwa maana hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kusema mwenyewe.

Kwa kazi ya kila siku, anza na emblema kumi za Alciato zenye mistari isiyozidi minane. Chuo Kikuu cha Glasgow, chenye mkusanyo wa Stirling Maxwell wa vitabu vipatavyo 2,000, kimeweka mtandaoni matoleo 22 ya Alciato ya kuanzia 1531 hadi 1621, na unaweza kuitazama emblema moja toleo kwa toleo hata ukiwa na simu tu Mbeya au Kisumu. Kwa vitabu vya mapenzi vya Kiholanzi nenda kwenye mradi wa Utrecht. Kwa Wajerumani, Emblematica Online, unaounganisha Chuo Kikuu cha Illinois na maktaba ya Wolfenbüttel, unakuruhusu kutafuta kwa namba za Iconclass, mfumo wa kuainisha picha ulioanzishwa Leiden na Henri van de Waal: 2 ni maumbile, 25F ni wanyama, na kadhalika. Tahadhari moja: namba hizo zinataja kilichochorwa na wakati mwingine maana aliyoipendekeza mtu wa maktaba. Ya pili usiichukue kama ushahidi.

Kusoma chapa yenyewe kunahitaji wiki chache za mazoezi. Herufi ſ ni s, ingawa inafanana na f. Itambue kwa kijistari chake cha katikati, ambacho hakivuki upande wa kulia, na haikai mwisho wa neno. Alama ya wimbi juu ya irabu inaficha m au n. U na v hubadilishana, i na j vilevile. Herufi q yenye alama kama nukta mkato ni que. Unaponakili, andika kama ilivyochapwa kwanza, na nakala iliyonyooshwa iwe mstari wa chini yake. Ukinyoosha moja kwa moja, kosa la mpiga chapa na kosa lako vitachanganyika na hutaweza kuvitenganisha tena.

Kutaja chanzo nako kuna kanuni zake. Namba za emblema hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo "Alciato, emblema 53" bila mwaka haimfikishi mtu popote. Taja kaulimbiu ya Kilatini, mji, mpiga chapa, mwaka, na ukurasa. Vitabu visivyo na namba za kurasa vina alama za kunja chini ya ukurasa: karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa majani 8, yaani kurasa 16, na kila kunjo lina herufi yake. Jani la pili la kunjo A upande wa mbele huandikwa A2r, upande wa nyuma A2v. Alfabeti ya wachapaji ina herufi 23, bila J, U wala W, na ukiona I inafuatiwa na K usidhani jani limepotea. Andika pia maktaba na namba ya nakala uliyoiona, kwa sababu masahihisho yaliweza kufanywa katikati ya kupiga chapa, na nakala mbili za toleo moja huenda zisilingane neno kwa neno.